Anga Lina Wenyewe: Ndege Ndogo na Haki ya Mwananchi Kusini mwa Afrika

Miaka michache iliyopita mwanafunzi wangu mmoja wa shahada ya uzamili aliniletea pendekezo la utafiti. Alitaka kuandika kuhusu ndege ndogo na viwanja vidogo vya ndege katika nchi za SADC. Nililisoma kwa muda wa dakika kumi, nikamrudishia na kumwambia atafute mada nzito. Nilimwambia, na maneno yenyewe nayakumbuka, kwamba hatusomeshi watu taaluma za maendeleo ili wakachunguze michezo ya matajiri. Kijana wa watu alinisikiliza kwa adabu, akaenda kuandika kuhusu ushuru wa forodha, akahitimu. Leo naandika kumwomba radhi hadharani, kwa sababu mwenye makosa katika mazungumzo yale nilikuwa mimi.

Naanza na ungamo hili kwa kuwa fikra niliyokuwa nayo siku ile ndiyo inayotawala katika ofisi nyingi za umma za ukanda wetu, katika mabaraza ya wanaharakati, na hata katika vitabu tunavyofundishia. Fikra hiyo husema: ndege kubwa ni maendeleo, ndege ndogo ni starehe. Shirika la ndege la taifa likinunua ndege mpya, viongozi huenda kuipokea kwa ngoma na vigelegele. Kiwanja cha changarawe cha wilaya kikiota majani hadi mbuzi wakakigeuza malisho, hakuna anayeuliza. Nadai kwamba fikra hiyo ni potofu, kwamba ina gharama, na kwamba wanaoilipa gharama hiyo ni watu ambao hawajawahi kuionja hiyo starehe tunayoisema.

Tuanze na Lesotho. Hiyo ndiyo nchi pekee duniani ambayo ardhi yake yote iko juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Vijiji vyake vya milimani vimetenganishwa na mabonde ambayo barabara huyazunguka kwa saa nyingi, na theluji ikianguka njia huweza kuzibika kabisa. Kwa miongo kadhaa huduma ya madaktari warukao ya nchi hiyo, ikisaidiwa na shirika la kimisionari la Mission Aviation Fellowship, imepeleka wauguzi, chanjo na dawa milimani na kurudi na wagonjwa kwa Cessna 206, ndege ya injini moja na viti sita. Kiwanja cha Matekane, ambacho marubani wengi duniani wanakijua kwa jina, kina urefu wa mita zipatazo 400 na mwisho wake ni genge. Kipo katika mwinuko unaozidi mita 2,000, mahali ambapo hewa ni nyepesi, injini hupungukiwa nguvu, na mabawa hushindwa kubeba uzito ambao yangeubeba kirahisi pwani. Watu hutazama video za kiwanja hicho kwenye intaneti kwa kujiburudisha. Mama aliyeshikwa na uchungu wa uzazi uliokwama huko milimani anakitazama kwa jicho jingine: kwake kile ndicho kizingiti cha hospitali.

Twende Zambia. Mara baada ya uhuru, katika miaka hiyohiyo ya 1960, nchi hiyo changa yenye madaktari wachache na vijiji vilivyotawanyika ilianzisha huduma ya serikali ya madaktari warukao, yenye makao yake Ndola. Waliofanya uamuzi huo hawakuwa mabepari waliotaka kustarehe angani. Walikuwa watawala wa nchi maskini waliopiga hesabu wakaona kwamba daktari mmoja mwenye ndege ndogo huweza kuhudumia eneo ambalo kwa gari lingehitaji madaktari wengi, na hao wengi hawakuwapo. Sisi wa huku kaskazini hatuna sababu ya kushangaa, kwa maana madaktari warukao wa Amref, walioanza mwaka 1957 na wenye kituo chao uwanja wa Wilson, Nairobi, wamekuwa wakivuka mpaka kuja kwetu tangu kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Kisha tukumbuke Machi 2019, Kimbunga Idai kilipoupiga mji wa Beira, Msumbiji. Barabara kuu ya N6 iendayo Zimbabwe ilikatwa na maji. Vijiji vizima vikawa visiwa. Katika siku zile za mwanzo, aliyetaka kujua nani yu hai na yuko wapi alitegemea helikopta na ndege ndogo, na aliyetaka kupelekewa dawa alitegemea hizohizo. Hakuna ndege ya abiria 250 iliyoweza kutua katika shamba la mahindi lililofurika.

Sasa msomaji aniulize: ikiwa manufaa ni bayana kiasi hiki, kwa nini mfumo hauenei? Jibu la haraka ni fedha. Jibu hilo halitoshi, na ushahidi uko Maun. Mji huo wa kaskazini mwa Botswana ni lango la Delta ya Okavango, na kiwanja chake ni miongoni mwa vyenye pilikapilika nyingi za ndege ndogo katika ukanda mzima. Tangu asubuhi Cessna 206 na Cessna Caravan hupaa zikipeleka watalii katika kambi zilizomo ndani ya delta, ambako hutua kwenye viwanja vya mchanga vilivyofyekwa na kukaguliwa, rubani akihakikisha kwanza kwamba hakuna tembo njiani. Vijana kutoka Afrika Kusini na Ulaya huenda Maun kutafuta kazi yao ya kwanza ya urubani. Mfumo upo, tena unafanya kazi siku zote za mwaka. Basi tatizo letu halihusu uwezo wa Afrika kuendesha usafiri wa ndege ndogo. Tumeuendesha, na tunauendesha vizuri, pale mgeni anapolipa. Nyasi za kiwanja cha kambi ya watalii hufyekwa kwa sababu kuna mtu anayehesabu hasara zisipofyekwa. Nyasi za kiwanja cha zahanati hazina mhasibu.

Fedha si kikwazo pekee. Kikwazo cha pili ni woga wa dola, na woga huo una historia ambayo ni haki kuieleza kabla ya kuulaumu. Mwaka 1928 Lady Heath aliruka peke yake kwa ndege ndogo aina ya Avro Avian kutoka Afrika Kusini hadi London. Bara lilikuwa limegawanywa na wakoloni, lakini kwa Mwingereza mwenye ndege karibu njia nzima ilikuwa ua wa nyumba yake. Miaka hamsini baadaye anga hilohilo lilikuwa uwanja wa vita. Jeshi la Rhodesia liliigeuza Cessna 337, ndege ya kiraia ya injini mbili, kuwa ya kivita na kuiita Lynx. Mnamo Oktoba 1978 rubani wa Rhodesia aliyejiita Green Leader alizungumza na mnara wa Lusaka kwa redio, akaamuru ndege za Zambia zisiruke wakati wenzake wakiishambulia kambi ya wapigania uhuru nje kidogo ya mji huo. Taifa lililoamrishwa hivyo ndani ya nyumba yake haliwezi kulaumiwa likianza kumtilia shaka kila anayetokea mawinguni.

Lakini vita ile iliisha. Zimbabwe ilipata uhuru mwaka 1980, Namibia mwaka 1990, na ubaguzi wa rangi ukaanguka rasmi Afrika Kusini mwaka 1994. Kilichosalia ni fomu. Nchi kadhaa za ukanda wetu bado zinamtaka rubani wa ndege ndogo ya binafsi aombe kibali na kukilipia siku kadhaa kabla ya kuvuka mpaka, kisha asubiri muhuri wa ofisi ambayo mwishoni mwa wiki imefungwa. Jambo la kustaajabisha ni kwamba Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao ndio msingi wa sheria ya usafiri wa anga duniani, unasema katika kifungu chake cha 5 kwamba ndege zisizo za safari za ratiba zina haki ya kuingia au kupita katika nchi mwanachama bila kuomba ruhusa mapema, ilimradi zitimize masharti ya mkataba na ziwe tayari kutua zikiamriwa. Nchi zetu ni wanachama wa mkataba huo. Tunautaja kwa fahari tukiwa Montreal, na tukirudi nyumbani tunamwambia rubani wa ndege ya viti vinne arudi Jumatatu.

Na pale wakuu wetu walipozungumza juu ya kulegeza masharti ya anga, walizungumza juu ya mashirika makubwa. Uamuzi wa Yamoussoukro wa mwaka 1999 na soko moja la usafiri wa anga lililozinduliwa na Umoja wa Afrika Januari 2018 yanahusu safari za kibiashara. Sina ugomvi nayo; ningetamani yatekelezwe kesho. Ugomvi wangu ni kwamba katika nyaraka hizo ndogo hana nafasi. Daktari anayetaka kutoka upande mmoja wa mpaka kwenda kufanya upasuaji upande wa pili, mkulima wa Namibia anayefuata kipuri, mhifadhi anayehesabu tembo ambao hawaujui mpaka wa Botswana na Zimbabwe: hawa wote wameachwa mikononi mwa karani.

Kikwazo cha tatu ni mafuta. Nyingi ya ndege ndogo za injini za pistoni zinatumia petroli maalumu iitwayo avgas, ambayo hadi leo huwekwa madini ya risasi. Nchi za kusini mwa Sahara ziliondoa risasi katika petroli ya magari kufikia mwanzo wa mwaka 2006, kwa sababu sumu hiyo huharibu ubongo wa mtoto. Angani tumeiacha. Zaidi ya hayo, petroli hiyo ni ghali, huagizwa kutoka mbali, na viwanja vingi haviiuzi kabisa, maana ndege kubwa hutumia mafuta mengine ya jamii ya mafuta ya taa. Hivyo rubani wa ndege ndogo hupanga safari kwa kufuata mapipa badala ya kufuata mahitaji ya watu.

Na hapa ndipo Afrika Kusini inapotufunza na kutusuta kwa pamoja. Kusini mwa Johannesburg kuna kiwanda kinachounda ndege ndogo ziitwazo Sling, kilichoanzishwa na Waafrika Kusini, na mwaka 2009 waasisi wake wawili waliizunguka dunia kwa ndege yao ya viti viwili. Injini ya Rotax iliyomo inakubali petroli ya kawaida isiyo na risasi, ileile inayouzwa katika kituo cha mafuta unapojaza pikipiki. Mwaka 2019 kundi la vijana 20 wa Afrika Kusini, wakiongozwa na binti wa miaka 17, Megan Werner, waliunganisha wenyewe ndege ya Sling 4 kutoka vipande vya kiwandani kwa muda wa wiki tatu, kisha wakaanza safari ya Cape Town hadi Cairo, wakipita Namibia, Malawi na hata Zanzibar. Walipofika Addis Ababa ndege ilipata matatizo, likiwamo la kukosa petroli inayofaa, na safari ikakamilishwa kwa ndege ndogo ya pili iliyokuwa ikiwasindikiza. Fikirini jambo hilo. Watoto wa Afrika wanajua kuunganisha ndege. Wanajua kuirusha. Wakakwama katika mji wenye moja ya viwanja vikubwa vya ndege barani kwa kukosa petroli ambayo bodaboda huinunua kwa lita.

Nilipomsimulia mwenzangu mmoja kisa hicho, alicheka akasema, "Hao si ni watoto wa wenye nazo?" Nililijua swali hilo, lilikuwa langu. Nitalijibu bila kulikwepa, kwa kuwa lina ukweli ndani yake.

Klabu kuu ya urushaji wa ndege ya Afrika Kusini ilianzishwa mwaka 1920. Kwa sehemu kubwa ya karne iliyofuata, anga la nchi ile lilikuwa na ubao wa "Wazungu tu" hata pale ambapo haukutundikwa. Mwafrika aliruhusiwa kufagia banda la ndege, si kuketi kwenye usukani. Ilibidi tufike mwishoni mwa miaka ya 1990 ndipo Asnath Mahapa awe mwanamke Mwafrika wa kwanza nchini humo kuwa rubani, miaka sabini baada ya Lady Heath. Baadaye alianzisha chuo chake cha urubani, kwa kuwa alielewa kwamba mlango uliofunguka kwa mtu mmoja hujifunga upesi asipouwekea jiwe. Hata leo idadi ya marubani Waafrika wa nchi hiyo hailingani hata kidogo na idadi ya Waafrika katika jamii. Sheria haizuii tena, bei inazuia. Afrika Kusini hutaka saa 45 za kuruka kwa leseni ya binafsi, na njia ya kawaida ya leseni ya kibiashara huhitaji saa 200. Kila saa hulipiwa kwa bei inayofuata dola, kwa maana ndege, vipuri na mafuta vyote hununuliwa nje. Mzazi mwalimu wa shule ya msingi, awe Polokwane au Dodoma, hawezi kuzilipa saa hizo hata akiuza nyumba.

Basi ni kweli, anga lina wenyewe. Lakini tazameni tulichofanya na ukweli huo sisi tunaojiita wapenda haki. Tulipokuta ardhi ina wenyewe, tulidai ardhi. Tulipokuta shule nzuri zina wenyewe, tulidai shule. Tulipokuta anga lina wenyewe, tulisema, "Waacheni na michezo yao." Huko si kuwapinga matajiri. Ni kuwakabidhi hati miliki.

Na wale wa klabu nao wasidhani nimewasahau. Mara nyingi huwasikia wakilalamikia urasimu wa mamlaka za usafiri wa anga, ada zinazopanda, na viwanja vya manispaa vinavyonyemelewa na wajenzi wa nyumba. Malalamiko mengi ni ya haki. Lakini klabu ambayo imekalia ardhi ya umma kwa vizazi vitatu, na shule ya kata iliyo kilomita mbili kutoka langoni haijawahi kualikwa hata siku moja, isitarajie kwamba wananchi wataandamana siku ya kufungwa kwake. Mtu hutetea alichowahi kukigusa.

Najua pingamizi mbili zinazokuja. Ya kwanza ni ya watumishi wa serikali, na ni ya heshima: barabara kwanza. Fedha ni chache, na barabara hubeba watu wengi zaidi. Nakubali kwamba barabara hubeba wengi. Lakini kilomita moja ya barabara humfikisha mtu kilomita moja. Kilomita moja ya changarawe iliyosawazishwa, yenye uzio na soksi ya upepo, humwunganisha na kila hospitali ya nchi. Wala sipendekezi tuchague. Pale barabara ya mwaka mzima itakapochelewa kwa miaka kumi, kiwanja ndicho daraja la kungojea.

Pingamizi la pili ni la usalama. Ndege ndogo huanguka mara nyingi zaidi kuliko ndege kubwa za abiria. Hilo ni kweli, na ndiyo sababu ya kutaka wakaguzi zaidi, mafundi zaidi na taarifa za hali ya hewa zinazofika wilayani. Ndege ndogo pia zinaweza kubeba magendo, na hilo nalo ni kweli. Lakini mfanyabiashara wa magendo haombi kibali. Fomu ya siku kadhaa humchelewesha daktari tu. Anayetaka kulilinda anga anunue rada, aweke waongoza ndege, adai kila ndege itoe mpango wa safari na kujitambulisha kielektroniki. Huo ni ulinzi. Muhuri wa Jumatatu ni mazoea.

Nitasema ninachodai, ili nisiwe mlalamishi mtupu. SADC ina nchi wanachama 16, ina itifaki ya uchukuzi ya mwaka 1996, na ina shirika lake la usalama wa usafiri wa anga lenye makao Eswatini. Kwa hiyo mezani pa kukalia papo. Nadai nchi hizo zikubaliane kwamba ndege ndogo iliyosajiliwa na mwanachama mmoja iingie kwa mwenzake kwa taarifa, badala ya kibali, kwa fomu moja inayotambulika kote. Na kwa kuwa Kiswahili ni lugha rasmi ya jumuiya hiyo tangu 2019, sitalalamika fomu hiyo ikiandikwa kwa Kiswahili pia. Nadai kila kiwanja kidogo cha umma kiwe na fungu lake katika bajeti, hata likiwa la kufyeka nyasi na kutengeneza uzio tu. Nadai viwanja vikuu viruhusu na kuuza petroli isiyo na risasi kwa injini zinazoikubali. Nadai serikali zisomeshe marubani na mafundi kutoka familia zisizo na uwezo, kwa sharti kwamba watatumikia huduma za afya na uokoaji kwa miaka kadhaa kabla ya kwenda kwenye mashirika makubwa, kama tulivyowahi kuwasomesha walimu na madaktari. Na nadai kila klabu iliyopo kwenye ardhi ya umma ifungue lango lake kwa shule jirani, liwe sharti la mkataba wa pango na si hisani.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji fedha za kununulia ndege moja kubwa tunayoipokea kwa ngoma.

Wiki iliyopita nilimpigia simu yule mwanafunzi wangu. Siku hizi ni ofisa mipango katika halmashauri moja ya wilaya, mbali na lami. Nilimwomba radhi, akacheka, akasema, "Mwalimu, yameshapita." Kisha akaniambia kwamba wilaya yake ina kiwanja cha ndege kilichojengwa kabla hajazaliwa, na kwamba kila mwaka yeye huandika kwenye rasimu ya bajeti mstari mmoja wa kukifyeka, na kila mwaka mstari huo hukatwa na mtu wa juu yake kwa maelezo kwamba si kipaumbele. Msimu wa mvua uliopita barabara yao ilikatika kwa siku tisa.

Nimemwomba anitumie lile pendekezo lake la utafiti, kama bado analo. Safari hii nitalisoma lote.